Mita 1,200 za kwenye kitabu si mita 1,200 za kiwanjani

Mji mdogo ukikaa kujadili kiwanja chake cha ndege, swali la kwanza huwa "tujenge njia ya kurukia ya mita ngapi?" Limekuja mapema mno. Linalotangulia ni hili: ndege ipi, imebeba nini, inaruka katika joto gani?

Dhana: Urefu ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege ndio wa kujenga.

Urefu huo wa msingi ni wa hali sanifu: usawa wa bahari, nyuzi joto 15, hakuna upepo, njia tambarare. Hewa ya joto au ya mwinukoni ni nyepesi. Bawa halibebi vizuri, injini hupungukiwa nguvu, na ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka.

Mwongozo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unaongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi inayozidi joto sanifu la mwinuko huo. Chukua ndege ambayo kitabu chake kinataka njia ya mita 1,200, na kiwanja kilicho mita 600 juu ya bahari. Mwinuko peke yake unatufikisha mita 1,368. Joto sanifu la hapo ni nyuzi 11.1; kama joto la rejea la kiwanja ni 26, tunafika takriban mita 1,572, na mteremko bado hatujaugusa.

Joto la rejea si wastani wa mwaka. Ni wastani wa joto la juu la kila siku katika mwezi wenye joto kuliko yote. Nalisisitiza hili kwa sababu anayetumia wastani wa mwaka anajenga njia fupi bila kujua. Tena, nyongeza za mwinuko na joto zikizidi asilimia 35 kwa jumla, kanuni hii haitoshi. Unahitajika uchunguzi maalumu.

Ndege ikishajulikana, bora kufungua chati zake. Penseli inaanza kwenye joto, inapanda hadi mstari wa mwinuko, inavuka hadi kwenye uzito, ndipo unasoma umbali. Rudia ukianzia nyuzi 10 juu zaidi, uone mita zinavyoongezeka.

Dhana: Tujenge kwa ajili ya ndege kubwa kuliko zote zilizowahi kutua hapa.

Ndege iliyokuja siku moja na mgeni mashuhuri haipangii mji bajeti. Nchini Marekani, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, huangalia ndege, au kundi la ndege zinazofanana, yenye angalau operesheni 500 kwa mwaka. Kutua ni moja, kuruka ni nyingine, hivyo ni kama safari 250 za kuja na kuondoka. Mazoezi ya kugusa lami na kuruka tena hayahesabiwi. Naona ni kipimo cha haki: kinawalazimisha watu kufungua daftari la safari badala ya kubishana juu ya ndoto.

Dhana: Ikiweza kutua, itaweza kuruka.

Mara nyingi ndege hutua ikiwa nyepesi, mafuta yamekwisha kuchomwa. Ikiondoka na matangi yaliyojaa na abiria kamili, habari ni nyingine. Lakini kwa jeti, lami ikilowa mvua, kutua kunaweza kuwa ndiko kunakoamua urefu.

Dhana: Lami yote ni ya kutumia.

Simama mwanzoni mwa njia ambayo miti imeota karibu nayo. Utaona mishale myeupe kwenye lami ikielekea mstari mpana uliosogezwa mbele ili ndege zinazotua zipite juu ya miti. Ndege inaweza kuanzia kuruka kwenye hiyo mishale, ila haitakiwi kugusa chini kabla ya mstari. Kukata miti hiyo kunaweza kurudisha mita zilizopotea kwa gharama ndogo kuliko kumwaga lami mpya upande wa pili, ambako nako huwezi kujenga hadi kwenye uzio: lazima ibaki ardhi ya usalama kwa ndege itakayopitiliza.