Je, mfupa wa ng'ombe hugeuka kuwa taya lako?

Magego ya juu yakishang'olewa, ukingo wa taya husinyaa, na sinasi, kile chumba cha hewa kilicho ubavuni mwa pua, hutanuka kuja chini. Panapotakiwa mfupa wa milimita kumi hivi ili kushika skrubu ya jino bandia, huenda zikabaki mbili au tatu. Daktari hufungua kidirisha ubavuni mwa taya, huinua utando wa sinasi taratibu usipasuke, kisha hujaza nafasi iliyopatikana kwa punje za mfupa, kama za ng'ombe. Mwanzilishi wa upasuaji huu ni daktari wa meno Hilt Tatum wa Marekani, miaka ya 1970.

Wengi huamini kwamba kilichojazwa ndicho kitakachokuwa taya. Sivyo. Punje za ng'ombe huchomwa na kusafishwa kwa kemikali mpaka yabaki madini matupu; hamna seli ya kuishi wala protini ya kukataliwa na mwili. (Zipo pia za nguruwe, mwenye mwiko na aulize mapema.) Hata mfupa uliotolewa kwenye nyonga yako mwenyewe, ukishakatiwa damu, seli zake nyingi hufa.

Mafundi wakitaka kumwaga zege la ghorofani, husimamisha mirunda. Mirunda si ghorofa. Inashikilia nafasi tu. Punje nazo huzuia utando usiporomoke. Damu hupenya katikati yake, mishipa midogo huchipuka kutoka mfupa wa zamani, na seli za ujenzi hufuata zikitandaza mfupa mpya juu ya punje. Baadaye seli zinazokula mfupa huja kung'oa mirunda.

Hapo ndipo mbinu zinapotofautiana. Mirunda ya mfupa wako hung'olewa haraka, pengine kabla zege halijakaza, ndiyo maana vipande vya nyonga vinavyobandikwa juu ya ukingo hupungua sana. Ya ng'ombe haing'oki kirahisi: punje zake zimekutwa baada ya zaidi ya miaka kumi, zimezungukwa na mfupa hai. Lakini mfupa wako una protini zinazoita seli za ujenzi. Mwaka 1965 daktari wa mifupa Marshall Urist wa Marekani alizika mfupa uliotolewa madini, ukabaki na protini zake, ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota humo, mahali pasipo na mfupa kabisa.

Cha ajabu zaidi, mwaka 2004 Stefan Lundgren na wenzake wa Sweden hawakujaza kitu. Skrubu zenyewe ziliushikilia utando juu, damu ikaganda, na mfupa ukaota. Wagonjwa walikuwa wachache, na mfupa unaopatikana hivyo huwa mfupi kuliko ule wa punje, kwa hiyo si ruhusa ya kuacha kujaza kila mahali.

Kuna mbinu moja ambapo dhana ya wengi ni kweli. Saratani ikila taya la juu, wapasuaji huhamisha kipande cha mfupa mwembamba wa mguuni pamoja na ateri na vena yake, wakavishona kwenye mishipa ya shingo chini ya darubini. Huo huendelea kuishi.