ECG na mapigo ya ventrikali: yanayosemwa na yaliyo kweli

"ECG imetoka safi, basi moyo ni mzima."
ECG ya kawaida, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, hunasa takriban sekunde 10 tu. Anayepatwa na mbio za moyo mara moja moja anaweza kupimwa leo na kesho, na karatasi isionyeshe kitu. Ndiyo maana wengine huvalishwa kifaa cha Holter, kinachorekodi umeme wa moyo mfululizo, kwa saa 24 au zaidi. Ipo hata michoro inayojificha: ule wa Brugada, ugonjwa wa umeme wa moyo ulioelezwa na ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, mwaka 1992, huweza kutoweka kabisa kisha ukajitokeza mgonjwa akishikwa na homa.

"Mgonjwa anaongea, kwa hiyo hiyo si takikadia ya ventrikali."
Hii naiona ya hatari kuliko zote, maana hata wahudumu wa afya huiamini. Takikadia ya ventrikali ni mbio za moyo zinazoanzia kwenye ventrikali, vyumba vya chini vya moyo. Tazama karatasi. Ikienda milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04, na QRS, ule mchoro wa umeme ukipita kwenye ventrikali, ikiwa ya kawaida haifikishi visanduku vitatu. Umeme ukianzia kwenye ventrikali hukosa njia yake ya haraka, ukasambaa polepole ndani ya msuli; QRS nayo inapanuka. QRS pana zikifuatana kwa kasi inayozidi mapigo 100 kwa dakika, zihesabiwe ni za ventrikali mpaka ithibitike vingine, hata kama mgonjwa ameketi anajieleza vizuri. Ukiona na mawimbi ya P, yale ya vyumba vya juu vya moyo, yanakwenda kivyake, hayafuatani na QRS, shaka inazidi kupungua. Kumpa verapamil, dawa ya kupunguza mbio za moyo, kwa kudhani tatizo liko vyumba vya juu kunaweza kumporomosha presha palepale.

"Mapigo ya ziada lazima yazimwe kwa dawa."
Moyo ukiwa hauna kasoro nyingine, mapigo machache ya ventrikali yanayokuja kabla ya wakati wake mara nyingi hayadhuru. Katika utafiti wa CAST, watu waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa encainide au flecainide, dawa za kuzima mapigo hayo. Mapigo ya ziada yalipungua. Vifo vikaongezeka, na dawa hizo zikasimamishwa mwaka 1989. Karatasi ilipendeza, wenyewe wakafa.

"Mstari ukilala, mshtue kwa umeme."
Hiyo ni ya sinema. Mshtuko ni wa fibrilesheni ya ventrikali, yale mawimbi ya ovyo yasiyo na QRS, na wa takikadia ya ventrikali isiyotoa mapigo mwilini. Mstari uliolala, yaani moyo usioonyesha umeme wowote, unataka kifua kikandamizwe bila kuchelewa, na adrenalini.