Kidole kinakunjika, lakini kano imekatika

"Si anakikunja? Basi hakuna kilichokatika." Nimeyasikia tena wiki hii, kutoka kwa mtu aliyemleta ndugu yake mwezi mzima baada ya panga la kuchongea madafu kumpitia kidoleni. Alitiwa nyuzi siku ileile, kidonda kikakauka vizuri, nyumbani wakaona yamekwisha. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, hapa Malindi, na sentensi hiyo moja inaniletea watu wakiwa wamechelewa. Imenichosha.

Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunjia, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Fupi inaishia kwenye pingili ya kati, ndefu inakwenda mpaka pingili ya ncha. Ikikatika ndefu peke yake, fupi inaendelea na kazi: kidole kinakunjika, na ukimwangalia mtu kwa mbali utasema amefumba ngumi. Ncha tu ndiyo inabaki imenyooka. Kwa hiyo "hebu fumba ngumi" si kipimo, hata akikuambia nani. Laza mkono mezani, kiganja juu. Ishike pingili ya kati barabara isisogee, kisha mwambie akunje ncha peke yake. Isipokunjika, kano ndefu imekwenda. Kuijua fupi, vishikilie vidole vingine vyote vikiwa vimenyooka, umwambie akikunje kile kimoja ulichokiacha. Kidole cha mwisho hudanganya hapa, maana kuna watu wengi ambao kano yake fupi ni dhaifu tangu kuzaliwa. Linganisha na mkono wa pili.

Na hata ncha ikikunjika, msishangilie. Kano iliyokatika nusu hukunja vilevile, ila inauma ukiizuia kidogo kwa kidole chako. Siku ya tatu mtu anavuta kamba ya ngalawa, inakatika yote. Madaktari wenyewe hapa hawako pamoja: wako wanaoishona, wako wanaoiacha ikiwa sehemu kubwa imesalia. Mimi naegemea upande wa kuifungua na kuiangalia kwa macho, kwa sababu wagonjwa wangu hurudi baharini na mashambani, si ofisini.

Hisia za kidole pia zipimwe kabla ya sindano ya ganzi. Gusa pande zote mbili za kidole. Upande mmoja ukiwa umekufa, neva, mshipa wa fahamu, imekatwa, na neva iliyoshonwa hukua kama milimita 1 tu kwa siku.

Sasa, daktari gani? Watu huniuliza "daktari wa mkono yuko wapi?" kana kwamba kuna mlango wenye kibao hicho. Kenya hii mkono hupasuliwa na watu wa aina mbili: mpasuaji wa mifupa, na mpasuaji wa plastiki. Katika kila kundi wamo waliozama kwenye mkono, na wamo ambao siku zao zinaishia kwenye nyonga au majeraha ya moto. Orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno itakuhakikishia kwamba ana leseni, basi. Mengine uliza kwa mdomo wako: Kano za kukunjia unazishona mara kwa mara? Baada ya upasuaji, ni nani atanitengenezea banzi la kushikilia mkono na kuniongoza kwenye mazoezi? Daktari anayekasirika kuulizwa swali la pili, mimi simpelekei mgonjwa. Kati ya mstari wa kiganja na pingili ya kati, kano zote mbili zinapita ndani ya ala moja nyembamba, kama mrija, na kano iliyoshonwa hapo ikiachwa bila kusogezwa hugandana na ala. Kidole kinakuwa kigumu ilhali mshono wenyewe ni mzuri.

Lakini ukisogezwa vibaya, mshono unaachia. Vitabu vinataka mazoezi yaanze ndani ya siku chache, banzi likiwa mkononi. Kwa mtu wa mjini anayeweza kuja kwangu kila siku mbili, sawa. Kwa mvuvi wa Ngomeni ambaye najua nitamwona akipata nauli, huwa nasita, na mara nyingine namwambia daktari tumfunge kwanza, tupokee ugumu kuliko kukatika upya. Sina hakika kila mara kwamba nimechagua sawa. Kazi nzito isirudiwe kabla ya wiki 12 hivi.

Muda ndio unaotuua. Kwa kushona kano, wiki ya kwanza ni njema, ya pili bado inawezekana. Ukipita mwezi, mwisho wa kano umeshajivuta kuelekea kiganjani na msuli umefupika, na huenda ikabidi kupandikiza kano ya kutoka kwingine, pengine kwa upasuaji mara mbili. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Wa Lamu ana boti hadi Mokowe kwanza, ndipo barabara. Najua gharama yake. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa zahanati: andikeni barua ya rufaa siku ileile, iseme saa ya jeraha, kilichokata, kidole gani, kiungo gani hakikunjiki, upande gani una ganzi. Barua ya "jeraha la mkono" peke yake humpanga mgonjwa foleni moja na wanaokuja kutolewa nyuzi.