Simfoni ya Tisa ya Dvořák: Fuata Sauti ya Pembe

Wengi wanaoanza kusikiliza simfoni (tungo ndefu za okestra) za karne ya 19 huchoka ndani ya dakika 10, kwa kuwa hawana cha kushika. Simfoni ya Tisa ya Antonín Dvořák, mtunzi Mcheki, inafaa sana kuanzia. Aliitunga New York mwaka 1893, akiwa mkurugenzi wa chuo cha muziki huko, na ina kipande kifupi cha wimbo kinachorudi katika sehemu zote 4. Ukikikamata, dakika zake 40 na kitu hazikupotezi.

Sehemu ya kwanza inaanza taratibu, chelo (fidla kubwa zenye sauti nzito) zikiwa chini sana. Usiongeze sauti ya spika hapo, maana timpani, ngoma kubwa za okestra, zinakuja kwa kishindo. Baada ya kama dakika 2 ala za nyuzi zinatetemeka, na pembe mbili (ala za shaba) zinatoa wimbo wenyewe: unapanda kama ngazi, unateremka kulekule, halafu klarineti na fagoti, ala za kupuliza za mbao, zinajibu. Simamisha, rudisha, uuimbe mpaka ukae kichwani. Spika ya simu haitoshi kwa kazi hii. Humeza chelo na besi, ukabaki na nusu ya okestra. Tumia visikizi.

Sehemu ya pili, Largo (yaani polepole sana), ndiyo iliyoipa simfoni hii mashabiki wengi zaidi. Ala za shaba zinafungua kwa akodi nzito (noti kadhaa zikipigwa pamoja), na ni katika sehemu hii tu tuba, ala ya shaba yenye sauti nzito kabisa, inapiga noti zake chache. Sehemu nyingine tatu mpigaji wake hukaa kimya. Kisha koranglei inaimba peke yake. Ni ala ya ukoo wa obo, na zumari ya pwani yetu ni ndugu yao: zote hupulizwa kwa ulimi wa pande mbili. Husemwa mara nyingi kwamba Dvořák aliuchukua wimbo huu kwa Wamarekani weusi. Kweli alizipenda nyimbo zao za kiroho na kuzisifu hadharani, lakini huu aliutunga mwenyewe. Maneno ya Kiingereza yanayoimbwa nao yaliandikwa na William Arms Fisher, aliyekuwa mwanafunzi wake, na kuchapishwa mwaka 1922. Karibu na mwisho, okestra ikipaza ghafla, tega sikio kwenye tromboni, ala nyingine ya shaba. Ni ule wimbo wa pembe.

Skerzo (muziki wa mbio na uchangamfu) ya sehemu ya tatu ina kasi, na wimbo wa pembe unapita humo upesi.

Katika sehemu ya nne matoazi yanagongwa mara moja tu, tena kwa upole, muda mfupi kabla klarineti haijaanza wimbo wake mtulivu. Ni rahisi kulikosa pigo hilo. Kuelekea mwisho zile akodi za Largo zinarudi kwa nguvu zote, na wimbo wa pembe unakutana na wimbo mkuu wa sehemu hii. Wasikilizaji wengi hupiga makofi mapema hapa, kwa kuwa akodi ya mwisho haipasuki: ala za kupuliza huishikilia huku ikififia. Ukiwa ukumbini, subiri kondakta ashushe mikono.

Sikio likishazoea, nenda kwa mtunzi Mfaransa Hector Berlioz. Katika *Symphonie fantastique* ya mwaka 1830 naye aliupitisha wimbo mmoja katika sehemu zote 5, na katika ya mwisho klarineti ndogo yenye sauti kali inaukejeli waziwazi.