Tangi tupu ndilo la kuogopa

"Fundi, tangi hili la petroli halina hata tone. Mwambie kijana alichomelee tundu tu." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara ya tatu hapa Ngamiani, Tanga, na safari hii ni mzee ninayemheshimu kama baba. Nikampa kiti, nikampa kahawa, welding nikamnyima.

Petroli yenyewe haiwaki, jamani. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Ndani ya tangi lililojaa petroli, hewa ni kidogo mno, mvuke umezidi. Ukimwaga, hewa inaingia, na vijiko viwili vilivyotuama pembeni vinatosha kukurusha. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Tanga mwezi wa pili!

"Nimelianika juani siku mbili." Sawa, harufu umeiondoa. Petroli iliyojificha kwenye kutu na kwenye mishono ya bati je? Hiyo inangoja moto wa kuchomelea ndipo itoke. "Nimelisuuza." Kwa maji matupu? Petroli inaelea juu ya maji, inakuangalia tu. Mimi huosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, na bado sichomelei. Pua nayo usiiamini: ukishinda na petroli saa nzima, huisikii tena.

Wapo wanaojaza maji hadi karibu na tundu ndipo wachomelee, na wamezeeka na vidole vyao kumi. Siwabishii sana. Nami nilifanya hivyo zamani, mara mbili, mikono ikitetemeka, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ufundi au bahati.

Kushusha tangi bovu ili uweke jingine si kazi kubwa. Chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri. Nyonya mafuta kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo. Gari liwe uwanjani, si juu ya shimo la gereji, maana mvuke ni mzito kuliko hewa, unatuama shimoni na wewe umo humo humo. Jeki chini ya tangi iwe na ubao. Nati za mikanda inayoshikilia tangi huku kwetu zimeliwa na chumvi ya bahari, na hapo ndipo vijana hukimbilia grenda. Grenda! Cheche zote zile chini ya tangi! Paka oili, ngoja, kisha msumeno wa mkono.

Kurudisha tangi: oringi (mpira wa duara) mpya ya pampu, mpira wa kupumulia usikunjwe, tia lita 5, chungulia chini kabla ya kuwasha.

Mzee alinuna, akaondoka na tangi lake kwenye bodaboda. Jana karudi na jingine la mtumba. Lina kutu ndani, nitalisafisha, lakini halivuji. Lile la zamani, kumbe, fundi wa kuchomelea naye alilikataa.