Njia za Baiskeli: Dhana Potofu Kuhusu Wanaofaidika Nazo

Wengi huamini kwamba njia za baiskeli ni za wanaoanza tu, kwa kuwa mzoefu anajua kwenda sambamba na magari. Mzoefu kweli hutambua hatari mapema, hugeuka kutazama nyuma kabla ya kuhama upande na hujiweka mahali ambapo dereva atamwona. Lakini ustadi huo haumsaidii anapogongwa kwa nyuma na dereva aliyeinamia simu. Ukingo wa zege unaotenga njia ya baiskeli na magari huwakinga wote wawili, mzoefu na anayeanza.

Dhana ya pili, ambayo naiona ya hatari zaidi, ni kwamba mstari wa rangi uliochorwa barabarani kuonyesha njia ya baiskeli unamtosha asiye na uzoefu. Mstari huo mara nyingi huchorwa kando ya magari yaliyoegeshwa, pale pale ambapo mlango ukifunguliwa ghafla humwangusha mwendesha baiskeli. Mzoefu hujitenga na milango hiyo hata ikibidi atoke nje ya mstari, ilhali anayeanza huuamini na kubaki ndani yake. Hali ni hiyo hiyo kwenye makutano, ambako migongano mingi ya magari na baiskeli mijini hutokea: gari linalokata kona huvuka njia ya baiskeli, na anayeanza hudhani kwamba ameonekana. Kona iliyobanwa ili magari yapunguze mwendo, pamoja na taa za barabarani zinazompa mwendesha baiskeli zamu yake ya kupita, humsaidia kuliko rangi yoyote.

Husemwa pia kwamba wasioendesha baiskeli hawazitaki njia hizi. Mwaka 2006 Roger Geller, mratibu wa masuala ya baiskeli katika jiji la Portland, Marekani, alikadiria kuwa takribani asilimia 60 ya wakazi wangependa kuendesha lakini waliogopa magari, na majasiri wasiojali hali ya barabara hawakufika hata asilimia 1. Sevilla, Hispania, ilipojenga kwa miaka michache mtandao wa njia zilizotengwa na kuunganishwa, safari za baiskeli ziliongezeka mara kadhaa.

Lalamiko la wenye kasi kwamba njia hizi huwachelewesha lina ukweli pale zilipo nyembamba, na dawa yake ni upana wa kutosha kupitana. Tena Uingereza haimlazimishi mtu kuzitumia. Ujerumani humlazimu pale tu palipo na alama ya duara la buluu.