Madoa ya maji kwenye negativu: uliyoambiwa na ukweli wake

Umesafisha mwenyewe jikoni mkanda wa kamera, yaani filamu ya picha za rangi, umeuanika bafuni kwa kibanio cha nguo, asubuhi unauteremsha, kumbe umejaa viduara vyeupe, kama bilauri iliyoachwa ikauke bila kufutwa. Ukiuskani, anga ya picha inatoka na madoadoa. Hapo ndipo kila mtu anakuletea dawa yake, na nyingi ni za kukumalizia mkanda.

"Kemikali zako zimechoka." Kemikali zikichoka, rangi hupotea au kuyumba mkanda mzima, hazichagui kuchora viduara. Kiduara ni tone lililokauka likaacha chokaa na chumvi zake. Chungulia ndani ya birika lako la chai: utando mweupe ulioganda mle ndio huohuo. Sisi wa pwani, wenye visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, tunaujua sana.

"Basi suuza na maji ya kuchemsha, au ya chupa." Kuchemsha hupunguza chokaa kiasi, ila chumvi haiendi popote. Na maji ya kunywa ya chupa yana madini, soma lebo. Kwa kuchanganyia dawa ya mwisho, ile mkanda unayopitishwa kabla tu ya kuanikwa, tafuta maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Soma chupa mara mbili, maana kuna wauzaji wanaoita hata asidi "maji ya betri".

"Futa tu kwa kitambaa laini." Hapa ndipo mikanda mingi inapofia, na wangu mmoja umo. Swali la kwanza ni doa liko upande gani. Shika mkanda chini ya taa, uinamishe taratibu mpaka mwanga uteleze juu yake. Upande unaong'aa ni plastiki tupu, na ukiutazama kutoka huko maandishi ya pembeni yanasomeka sawasawa. Upande uliofifia ndio wenye jelatini, utando laini uliobeba rangi za picha.

Doa likiwa upande unaong'aa, una bahati. Lipulizie pumzi, ufute polepole kwa kitambaa cha miwani kisicho na vumbi. Likigoma, lowesha kitambaa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Usichukue spiriti ya buluu ya jiko, ina rangi.

Doa likiwa upande wa jelatini, usiguse. Mimi niligusa: ngalawa yangu ya machweo ina mkwaruzo katikati ya tanga mpaka leo. Dawa yake ni kulirudisha majini. Loweka mkanda kama dakika 10 kwenye maji safi yasiyo ya moto, jelatini ivimbe tena na chumvi iyeyuke, kisha uupitishe upya kwenye dawa ya mwisho na kuuanika.

"Ukimaliza yote, suuza tena na maji safi." Kwenye mkanda wa rangi wa C-41, yaani ule wa negativu za rangi za kawaida, hapana. Dawa ya mwisho inatakiwa ikaukie mkandani. Ina kilainisho kinachofanya maji yateremke kama shuka badala ya kujikusanya matone, na kinga dhidi ya ukungu. Kwa filamu za zamani, ile iliyokuwa na fomalini ililinda pia rangi zisififie. Ukiisuuza, umetupa vyote hivyo na umerudisha maji ya bomba.

Sabuni ya vyombo nayo si mbadala. Ina manukato na rangi zinazobaki juu ya picha. Hata kilainisho chenyewe kikizidi huacha michirizi. Photo-Flo 200, kilainisho cha Kodak, huchanganywa sehemu 1 kwa 200, yaani mililita 2.5 tu kwa nusu lita.

"Kausha haraka kwa draya ya nywele." Utapuliza vumbi kwenye jelatini mbichi, basi.

"Skana itayaondoa." Nusu kweli. Rangi za negativu hupitisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na vumbi huuzuia, ndiyo maana skana huweza kulitambua na kulifuta. Utando mwembamba wa chumvi unaweza kuupitisha mwanga huo, ukaponyoka. Na kuna doa ambalo si chumvi kabisa: pale tone lilipochelewa kukauka, jelatini yenyewe imekauka ikiwa na umbo tofauti na pembezoni mwake. Hilo hupungua kwa kulowekwa tena, mara nyingine bila kuisha, na kilichobaki unakirekebisha kwa mkono kwenye kompyuta, fremu moja moja.